Stelingi na Boti Yake

Katika vibanda vya video vya kando ya ziwa letu, tangu Musoma mjini hadi visiwani, iko sheria moja ya sinema ambayo haikuandikwa popote na ambayo kila mtoto anaijua: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba, hata kutupwa mtoni ndani ya gunia, lakini mwisho atainuka. Sheria ya pili ni kwamba stelingi hujulikana tangu dakika ya kwanza, kwa urefu wake, mabega yake na meno yake yaliyopangika. Mtu akiingia kwenye picha amejikunyata, kofia imemchakaa na ndevu ni za siku nne, watazamaji hawamhesabu. Huyu hafiki mbali, husema, na kurudi kwenye karanga zao.

Kwa sababu hiyo Humphrey Bogart huwapa tabu watu wetu. Hakuwa mrefu. Katika Casablanca ilibidi avalishwe viatu vya kumwinua ili asizidiwe kimo na Ingrid Bergman. Mdomo wake ulikuwa na kovu, maneno yalimtoka kama ya mtu anayeuguza jino, na nywele zilipoanza kumwisha alivaa za bandia. Alipocheza The African Queen mwaka 1951 alikuwa na miaka 51 na uso wake haukuficha hata mmoja. Hata hivyo, kati ya wacheza sinema wa Hollywood ya zamani, yeye peke yake ndiye niliyewahi kuona wavuvi wakinyamaza kumtazama. Ilikuwa Rukuba, katika kibanda cha turubai, kanda imechakaa na jenereta inakohoa, na wengi wa waliokaa chini walikuwa wakisubiri giza waingie ziwani na karabai zao kutafuta dagaa. Sababu ya ukimya ule nadhani naijua. Bogart anashika spana kama mtu anayeijua spana.

Nimeiona picha hiyo mara nyingi baadaye, pamoja na nyingine zake kadhaa, na nimesoma habari za maisha yake nje ya kamera. Nathubutu kusema kwamba The African Queen ndiyo kazi yake bora kuliko zote, pamoja na Casablanca inayosifiwa kila mahali. Nathubutu kusema pia kwamba ni picha inayotudai sisi watu wa maziwa haya uvumilivu mkubwa kuipenda.

Kwanza mtu mwenyewe. Wengi hudhani sura kama ile lazima itoke katika dhiki. Sivyo. Alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899 katika nyumba ya wenye nacho, baba daktari wa upasuaji, mama mchoraji mwenye jina. Alipelekwa shule ya watoto wa wakubwa akafukuzwa. Mwaka 1918 akaingia jeshi la wanamaji la Marekani, Vita Kuu vikiwa vinafika ukingoni. Baadaye akaangukia jukwaani, akicheza vijana wa kitajiri waliovaa vizuri wasio na la kufanya. Hollywood haikujua la kumfanyia mpaka mwaka 1936, alipocheza jambazi katika The Petrified Forest, nafasi aliyoipata kwa sababu mwigizaji mkubwa wa Kiingereza, Leslie Howard, alikataa kucheza bila yeye. Bogart hakuusahau wema ule. Binti yake aliyezaliwa mwaka 1952 alimwita Leslie. Lakini malipo ya nafasi ile yalikuwa miaka mitano ya kuwa adui. Alipigwa risasi, alinyongwa, alikalishwa kwenye kiti cha umeme. Kwa sheria ya vibanda vyetu alikuwa marehemu wa kudumu.

Mambo yaligeuka mwaka 1941, kwa High Sierra na The Maltese Falcon. Ile ya pili iliongozwa na John Huston, na ndiyo iliyomleta Bogart tunayemfahamu, yaani mtu anayekataa. Mtazame katika Casablanca. Ana baa yake, ana pesa zake, na anamwambia kila anayemwendea kwamba yeye hajiingizi katika matatizo ya mtu. Wakimbizi wanakamatwa mbele yake naye anaendelea na hesabu zake. Inachukua picha nzima kumtoa pale alipokaa, na anapotoka hatimaye, uwanjani kwenye ndege, tunamwamini kwa sababu tumeona jinsi alivyokuwa mzito kuinuka. Stelingi wa kawaida huruka mara anaposikia mwanamke analia. Bogart husikia, akawasha sigara, akatazama pembeni. Kwa wanaoishi na watu halisi, huyo ni mtu wanayemfahamu.

Katika The African Queen ukataaji huo umevuliwa suti nyeupe na kuvalishwa matambara. Ni Septemba 1914, nchi yetu ikiwa bado ya Wajerumani. Rose Sayer, anayechezwa na Katharine Hepburn, anaishi na kaka yake mchungaji kwenye misheni ya Waingereza porini. Askari wa Kijerumani wanachoma kijiji na kuwachukua wanakijiji. Mchungaji anachanganyikiwa na kufa. Anayekuja kumzika ni Charlie Allnut, fundi mwenye kiboti cha mvuke cha kupeleka barua na vipuri. Allnut anataka wajifiche nyuma ya kisiwa, wasubiri vita viishe. Chakula anacho, sigara anazo, na jini inamtosha. Rose anataka wateremke mto wote hadi ziwani, wakaizamishe meli ya kivita ya Wajerumani iitwayo Louisa kwa baruti iliyomo botini. Allnut anakubali kwa mdomo ili yule mama anyamaze. Akilewa, analirudisha neno lake na kumtukana juu. Asubuhi yake Rose anamwaga jini yote mtoni, chupa moja baada ya nyingine, bila kusema kitu. Bogart amelala pale kichwa kinamuuma, anatazama mali yake inavyokwenda na maji. Hapigi kelele. Anatoa mguno mdogo wa kuomba huruma ambao sijausikia kwa mcheza sinema mwingine yeyote.

Lakini nilisema habari ya spana. Boti ile ina boila ya kuni na pampu inayoziba. Ikiziba, Allnut huipiga teke, na isipopigwa teke kwa wakati italipuka. Anaeleza kwamba kuna bisibisi iliyoangushwa ndani na mmoja wa vijana wake, na kwamba angeweza kuitoa siku yoyote, ila amekwisha kuizoea shughuli ya kuipiga teke. Ndiyo yote aliyo nayo duniani. Kibanda kizima kilicheka hapo, na hakikucheka kwa dharau. Kila aliyewahi kuzimikiwa na mashine katikati ya Rukuba na Musoma, upepo umeanza kugeuka na sahani ya kufulia maji haionekani, ana mahali pake pa kupiga teke. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami alisema huyu bwana ni fundi kweli. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko ustelingi.

Yapo mengine ya namna hiyo. Shafti inapopinda na bapa moja la propela kukatika, picha haituruki kutuonyesha chombo kimekwisha kupona. Inakaa pale ufukweni, moto unawashwa, chuma kinafuliwa, mtu anapiga mbizi na kurudi juu kuvuta pumzi, mara ya pili, mara ya tatu. Bogart hakuwa akijifunza maji siku ile. Tangu mwaka 1945 alikuwa na jahazi lake la matanga, Santana, na wanaomfahamu wanasema aliyapenda maisha ya humo kuliko karamu zote za Hollywood. Alikuwa nahodha wa kweli, wa kwenda baharini kila alipopata nafasi. Tazama jinsi anavyotembea juu ya boti bila kuangalia anapokanyaga. Hilo halifundishwi na mwongozaji.

Na bado huyu nahodha, katika picha, anaachia usukani. Hapa ndipo mnong'ono ulipopita kibandani. Visiwani kwetu wanawake hununua samaki, huwaanika, huwauza, wengine humiliki mitumbwi, lakini kuingia ndani ya mtumbwi unaokwenda kuvua ni jambo lililokatazwa na wazee, na mpaka leo wapo wavuvi wasioruhusu. Rose Sayer anaketi nyuma na kushika usukani kwenye maporomoko, uso umemjaa maji, na baada ya kupita anasema kwa furaha kwamba hajawahi kupata raha ya mwili kama ile. Bogart yuko mbele na kuni zake. Stelingi mwingine angemnyang'anya usukani kwenye mkondo wa pili. Allnut anamtazama tu, mdomo wazi kidogo, na katika mtazamo ule mapenzi yao yanaanza bila mtu kutaja mapenzi. Baadaye anamchekesha kwa kuigiza kiboko na nyani. Hebu fikiri: Stewart Granger katika King Solomon's Mines mwaka mmoja kabla, Clark Gable katika Mogambo mwaka 1953, John Wayne katika Hatari! iliyopigwa nchini kwetu na kutoka mwaka 1962, wote wanafika Afrika na bunduki au kamba ya kumkamata mnyama. Bogart anamwigiza mnyama ili mwanamke acheke.

Kisha maruba. Boti imenasa kwenye matete, maji ni mafupi, Allnut anateremka na kuivuta kwa kamba akiwa na maji mpaka kifuani. Anapopanda, mwili umejaa maruba. Rose anayatoa kwa chumvi, naye anatetemeka kama mtoto mwenye homa. Anayachukia. Halafu inakuwa kimya. Wote wawili wanaelewa kwamba boti haijasogea vya kutosha, na kwamba hakuna mtu mwingine wa kushuka. Bogart anakaa ukingoni, anatazama maji, na kwa muda wa sekunde chache unaona mtu anakataa moyoni mwake kwa nguvu zake zote. Kisha anashuka. Hakuna muziki wa ushujaa unaoweza kuongeza kitu hapo. Kama angekuwa amecheza sekunde zile tu katika maisha yake yote ningemwita mwigizaji mkubwa.

Sasa nije kwenye deni.

Mto wanaoshuka unaitwa Ulanga. Msomaji wa Morogoro atashtuka, maana Ulanga ni mto wa kwetu kweli, Kilombero ule ule, na maji yake huenda Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Haufiki kwenye ziwa lolote. C. S. Forester, aliyeandika riwaya mwaka 1935, alichukua jina akalibandika kwenye mto wa kubuni, na Huston akapiga picha zake mbali na pote pale: Mto Ruiki huko Kongo ya Wabelgiji, kisha Uganda, Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Hilo ni jambo dogo. Sinema zote huhamisha mito. Jambo kubwa ni kwamba wamehamisha na watu.

Mwanzoni tunawaona watu wetu kanisani, wanaimba wimbo wa Kiingereza wasiouelewa, sauti zimepotea njia, na kamera inatutaka tucheke. Allnut anapita nje, anatupa kipande cha sigara, na waumini wanakigombania chini. Ndiyo kazi waliyopewa. Baada ya hapo kijiji kinachomwa, wanaswagwa, na hatuwaoni tena isipokuwa wakiwa askari wanaofyatua risasi kutoka ng'ambo. Mto mzima, wiki baada ya wiki, hauna mvuvi hata mmoja, hauna mwanamke anayeteka maji wala mtoto anayekimbia ukingoni kupunga mkono. Nani amewahi kuona mto wa namna hiyo? Wale vijana wawili wa Allnut waliokuwa wakichochea moto na kupakia mizigo, mmoja wao akaangusha ile bisibisi maarufu, hawana majina. Kibandani Rukuba mtu mmoja aliuliza kwa sauti, kuni zile nani aliyezikata? Aliyeuliza hakuwa anafanya uhakiki. Aliona kuni zimepangwa vizuri na alijua kuni hazijipangi.

Na vita vile vilikuwa vyetu pia. Louisa ya hadithini ilitokana na Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika, iliyoletwa vipande vipande ndani ya makasha kutoka Ujerumani na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria kwa miaka mingi kwa jina la Liemba. Ili kupigana na Wajerumani katika ziwa lile, Waingereza walipitisha boti mbili ndogo nchi kavu kutoka Afrika Kusini, kupanda na kushuka milima ya Kongo, na waliofyeka njia na kuvuta kamba ni Waafrika kwa maelfu. Kwa upande wa wapagazi wa vita vizima waliokufa ni makumi ya maelfu, kwa njaa na magonjwa kuliko risasi, na jina lao limebaki katika soko la Kariakoo kule Dar es Salaam, wengi wakinunua nyanya pale bila kukumbuka kwamba ni jina la kikosi cha wabeba mizigo.

Hata ziwa letu lilikuwa na sehemu yake. Waingereza walizifunga mizinga meli za abiria za Kisumu na kuziingiza vitani. Mojawapo iliitwa Sybil. Novemba 1914, miezi miwili tu baada ya siku ambayo Rose na Allnut wanaanza safari yao ya kubuni, Sybil ilipanda mwamba upande wa Majita ikaachwa pale, na haikunasuliwa mpaka mwaka 1915. Kutoka Rukuba mlima wa Majita unaonekana siku isiyo na ukungu. Wajita waliokuwa wakivua maji yale waliitazama meli ya kivita imekaa kwenye mwamba kwa nusu mwaka kama kiboko mgonjwa, wakaona wazungu wa pande mbili wakiigombea. Hiyo nayo ingekuwa sinema. Na kichekesho kingine: meli waliyoitumia kuwa Louisa mbele ya kamera ni tishari la mvuke lililoitwa Buganda, mali ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililofanya kazi Ziwa Victoria. Adui mkuu wa picha, basi, ni chombo cha maji yetu kilichokodishwa.

Hapo mwenzangu mmoja, mwalimu, huniambia: basi itupe. Picha iliyotufuta ina haki gani ya kupendwa? Hoja yake nzito siitupi. Lakini mimi naona picha hii ina mambo mawili ndani yake yasiyopatana, na Bogart amesimama upande mmoja. Hadithi inasema mzungu peke yake aliushinda mto. Mwili wa Bogart unasema kitu kingine: kwamba kazi ni ngumu, kwamba mtu mmoja haitoshi, kwamba mashine ina tabia zake na maji yana ya kwake, kwamba woga hauishi. Kila anapofuta jasho anaisaliti hadithi anayoicheza. Ndiyo maana wavuvi walijiona ndani yake ingawa mwandishi hakuwaweka.

Habari za upigaji picha ule zimesimuliwa sana, na nyingi ni za chupa. Karibu kila mtu aliugua kwa maji mabaya isipokuwa Bogart na Huston, waliokunywa wiski. Hepburn alikunywa maji makusudi ili kuwasuta hao wawili, akaugua kuliko wote. Ameyaandika mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1987. Bogart alijisifu kwamba mdudu aliyemuuma alikufa. Mke wake, Lauren Bacall, alifuatana naye mpaka porini na kusaidia jikoni na kwa wagonjwa. Boti yenyewe iliwahi kuzama ikabidi iibuliwe. Watu husimulia haya wakicheka, mimi nayapita haraka. Ulevi wake haukuwa wa kuchekesha kila siku. Ndoa yake ya tatu, na Mayo Methot, ilikuwa ya kupigana mpaka majirani na magazeti wakazoea, na katika In a Lonely Place ya mwaka 1950, ambapo anacheza mwandishi asiyeweza kuizuia mikono yake, kuna kitu machoni mwake ambacho sidhani alikiazima kwa mtu.

La kunisumbua zaidi ni la mwaka 1947. Kamati ya Bunge la Marekani ilianza kuwahoji watu wa sinema nani mkomunisti na nani si mkomunisti. Oktoba ya mwaka ule kundi la waigizaji na waandishi lilipanda ndege hadi Washington kupinga, Huston akiwa mmoja wa walioliunda, na jina kubwa kuliko yote ndani ya ndege lilikuwa la Bogart. Bacall alikuwa kando yake. Magazeti yakawashukia, wenye makampuni wakatetemeka. Watu kumi waliokataa kuijibu kamati waliishia gerezani mwaka 1950, wengi wao kwa mwaka mmoja. Bogart alikuwa amekwisha kushuka kwenye ndege ile. Alitangaza kwamba safari haikuwa ya busara, na Machi 1948 jarida la sinema, Photoplay, likatoa makala kwa jina lake yenye kueleza kwamba yeye si mkomunisti. Sisi tuliokulia chini ya chama kimoja tunaifahamu makala ya namna ile, hata ikiandikwa kwa lugha nyingine. Unaweza kusoma kati ya mistari na kusikia mtu wa tatu akimwelekeza kalamu.

Basi tazama mpangilio. Katika sinema Bogart huanza kwa kukataa na kuishia kwa kwenda. Katika maisha, mara ile moja iliyokuwa na uzito, alianza kwa kwenda na kuishia kwa kukataa. Sisemi hivyo ili kumshusha. Alikuwa na mke kijana, kampuni yake mwenyewe aliyoipa jina la jahazi lake, na alijua wenzake waliokuwa wanakosa kazi kila siku. Ila nasema kwamba mtu aliyekaa ukingoni mwa boti mwaka 1951, akiyatazama maji yenye maruba, alikuwa amekwisha kuwahi kuyatazama maji na asishuke. Hii ni dhana yangu, msomaji una hiari ya kuikataa. Mimi siioni sura ile vinginevyo. Na anayemwongoza nyuma ya kamera ni Huston yule yule wa safari ya Washington.

Walimpa tuzo ya Oscar kwa Allnut mwaka 1952, ya kwanza na ya mwisho kwake, akimshinda Marlon Brando kijana aliyekuwa akibadilisha uigizaji wote wa Marekani. Wapo wanaosema walimpa kwa umri. Labda. Brando katika A Streetcar Named Desire ni moto, huwezi kuacha kumtazama. Lakini hakuna mahali unapomwona akifanya kazi.

Baada ya hapo ninayoipa uzito ni moja, The Caine Mutiny ya mwaka 1954. Bogart ni Kapteni Queeg, mkuu wa meli ya kivita, mwoga asiyeweza kuukubali woga wake, anayeviringisha vipira vya chuma kiganjani anapobanwa. Queeg ni Allnut aliyekataa kutetemeka mbele ya watu. Amevaa sare safi, amenyoa, hana grisi hata kwenye kucha, na meli inampotea mkononi. Wavuvi wa Rukuba wangemwambia ashuke awaachie wenyewe.

Alikufa kwa saratani ya koromeo tarehe 14 Januari 1957, miaka 57. Katika ibada ya mazishi hapakuwekwa jeneza. Iliwekwa sanamu ndogo ya Santana ndani ya kioo, na Huston akasema maneno ya kuaga. Boti ya The African Queen imeishi kuliko wote. Ilijengwa Uingereza mwaka 1912, ikaitwa Livingstone, ikabeba mizigo na abiria Ziwa Albert miaka mingi kabla ya Hollywood kuijua. Iliishia Florida, mahali paitwapo Key Largo, jina ambalo pia ni la sinema ya Bogart na Huston ya mwaka 1948. Mwaka 2012 ilifanyiwa matengenezo makubwa ili iwabebe watalii, ikawekewa boila mpya. Natumaini walimwachia fundi wake mahali pa kupiga teke.